Familia ya Kuazima ya Leonidasi Nduwayezu

Pale Kibondo, ukitoka sokoni kuelekea kanisani, palikuwa na kibanda cha mabati ambacho kila mtu alikijua kwa kelele zake. Humo ndimo alimofanyia kazi Leonidasi Nduwayezu, fundi baiskeli, mtu mfupi wa kifua kipana, mwenye mazoea ya kugombana na baiskeli huku akizitengeneza. "Nani alikufundisha kupinda hivi?" ungemsikia akiiuliza rimu. Cheni nayo aliiambia, "Tulia, bado sijakugusa." Wateja walikwisha kuzoea.

Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, kijana wa kuanza kuota ndevu, pamoja na dada yake Mpawenimana. Dada akaolewa Kasulu, yeye akabaki Kibondo na spana zake. Kuoa hakuoa. Mara moja tu alipelekwa ukweni huko Murungu ajitambulishe, akaiona baiskeli ya baba mkwe imeegemea ukuta, gurudumu limepinda. Akasema anaitazama mara moja. Wazee wakaongea, wakanywa, wakangoja. Mposaji yuko uani na spoku mdomoni. Jua lilipozama baiskeli ilikuwa imenyooka kama imetoka dukani, na msichana alikuwa amekataa. Baba mkwe peke yake ndiye aliyesikitika.

Tangu hapo aliyemuuliza habari za ndoa alipewa jibu moja. "Mke ni mtu wa kushauriana naye. Mimi sina shauri ninalotafuta."

Alichokitamani duniani ni sinema. Utotoni aliwahi kuiona mara moja, misheni: bwana mmoja alidondosha kofia kisimani, akashuka kwa kamba kuifuata. Hapo jenereta likazimika na watu wakaambiwa waende nyumbani. Leonidasi aliishi miaka yote ile na bwana yule kisimani. Alimuuliza katekista, akamuuliza dereva wa lori la chumvi, akamuuliza hata mganga wa mifugo. Hakuna aliyejua kama alitoka.

Basi mwaka tisini na nane likaja Tamasha la Kimataifa la Filamu za Watoto na Familia. Lilikuwa linazunguka na filamu kutoka nchi mbalimbali, Kibondo kwanza, halafu Kasulu. Kiongozi wake, Bi Hanne, alikuwa mama mrefu wa Kizungu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kiswahili chake kilikuwa "asante sana" na "pole pole", na alivitumia vyote viwili kwa kila jambo, hata alipokanyagwa. Mkalimani wake alikuwa Rodrigue, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa na tabia ya kutafsiri si kile mtu alichosema bali kile ambacho angepaswa kusema.

Sinema zilionyeshwa mchana ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Siku ya kwanza watu wazima waliujaza ukumbi wote, watoto wakabaki nje wakichungulia kwenye matundu. Bi Hanne aliona aibu. Kesho yake likatangazwa sharti: mtu mzima asiye na mtoto haingii. Mlangoni akawekwa Athuman, mlinzi wa soko, ambaye hakuwahi kumwonea mtu huruma, hata mama yake mzazi alipochelewa kufunga genge.

Kibondo nzima ikaanza kutafuta watoto. Watu ambao juzi tu walikuwa wakifukuza watoto wa jirani kwenye mapera, sasa walisimama njiani wakiwaita kwa sauti laini. Kichanga kimoja cha kutoka Kasanda kiliingia mlangoni mgongoni mwa mama, kikatolewa dirishani chini ya blanketi, kikaingia tena mgongoni mwa shangazi, kisha mgongoni mwa mtu ambaye hakijawahi kumwona. Mara ya mwisho Athuman akakitazama usoni.

"Huyu mtoto namjua."

"Watoto wachanga wote wanafanana," akasema yule mtu.

"Mbona na yeye kama ananijua?" Kichanga kilikuwa kinamchekea.

Leonidasi, asiye na mtoto wala mpwa wa karibu, aliona afadhali awe mtoto mwenyewe. Kwa kimo alikuwa anafaa. Akanyoa ndevu, akaazima kaptura ya shule na shati jeupe, akavuta soksi hadi magotini, akajipenyeza katikati ya wanafunzi. Athuman akamwekea mkono begani.

"Darasa la ngapi?"

"La saba."

"Mtoto akikutana na mkubwa husema nini?"

Athuman alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi sana. Leonidasi akatazama mlango, akasikia muziki wa sinema unaanza ndani.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Sasa rudi nyumbani, baba, kabla hujapata baridi ya miguu."

Akarudi. Hakubadilisha hata nguo. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Mama Bazilio, mwanamke mwenye watoto wengi kuliko viti. Akamkuta anachambua maharage, nyumba kimya kama imehamwa.

"Umechelewa," Mama Bazilio akasema kabla hajaulizwa. "Wamechukuliwa wote. Amebaki Dorcas."

"Dorcas ana nini?"

"Hana kitu. Huchukuliwa, akarudishwa."

Dorcas akatoka ndani. Alikuwa msichana wa miaka saba, pua imeinuka juu kidogo, mikono imefungwa kifuani. Alimtazama Leonidasi kuanzia soksi.

"Hiyo kaptura utavua," akasema. "Siendi na baba aliyevaa hivyo. Halafu nitapanda mbele ya baiskeli, si kwenye karia kama gunia. Halafu familia lazima iwe na mama, Athuman atauliza."

"Mama nitamtoa wapi mimi?"

"Nitatafuta. Wewe kavae."

Alimpata palepale nje ya ukumbi. Epifania alikuwa mjane asiye na mtoto, muuza mawese, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mbali kule Gwarama. Naye alikuwa amekataliwa mlangoni, na alikuwa anamweleza Athuman ukoo wake mtu mmoja mmoja. Dorcas akamvuta kanga. Epifania akageuka, akasikiliza, akatabasamu, kisha akamwona baba mwenyewe anashuka kwenye baiskeli.

"Huyu? Huyu wa pancha?"

Mwaka uliopita Leonidasi alikuwa ameziba tyubu ya baiskeli ya Epifania. Kiraka kikaachia kwenye njia ya Murungu, Epifania akaenda upande huu, madumu ya mawese upande ule, na mbuzi wa watu wakarudi nyumbani wekundu.

"Mama, sinema inaanza," Dorcas akasema.

Epifania akafikiri. "Kwa leo tu," akasema. "Na usinisogelee."

Wakasimama mbele ya Athuman: mama mrefu, baba mfupi, mtoto katikati kawashika wote wawili mikono kwa nguvu. Athuman akawatazama kwa muda mrefu.

"Leonidasi. Asubuhi ulikuwa darasa la saba."

"Baba amekua," akasema Dorcas.

Athuman akacheka mpaka akakaa chini, na walipoona amekaa wakapita.

Filamu ya siku ile ilitoka nchi ya baridi. Mbwa amepotea, na familia nzima, babu akiwemo, imepanda gari kumtafuta. Lugha yake hata Rodrigue hakuijua, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake na hakutaka kuwaangusha watu.

"Sasa imbwa inasema, miye niko na njaa, nani atanipa chakula?"

"Mbwa hajafungua mdomo!" mtu akapaza sauti.

"Anasema mu roho," Rodrigue akajibu.

Leonidasi alivumilia kidogo, kisha akashindwa, kama alivyoshindwa maisha yake yote kukaa kimya mbele ya kitu kinachozunguka.

"Petroli yote hiyo kwa ajili ya mbwa?"

"Nyamaza," Epifania akamwambia. "Wewe huna hata paka."

"Na mbona mbwa ana kitanda, babu analala kwenye kiti?"

"Babu amependa kiti."

"Nani apende kiti?"

"Babu! Si amekaa? Kakulalamikia wewe?"

"Hajalalamika kwa sababu anamwogopa mkwewe. Mtazame yule mama uso wake."

"Uso wake una nini? Mwanamke akiendesha gari siku nzima unataka atabasamu?"

"Baba na mama, nyamazeni!" Dorcas akafoka, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakanyamaza. Baada ya muda Epifania akafungua fundo la kanga, akatoa karanga, akampa mtoto, na mkono ukajisahau ukampa na yule wa pancha. Mbwa alipopatikana, chini ya kiti cha babu kule nyumbani, alikokuwa siku zote, Leonidasi alilia machozi. "Nilisema petroli inapotea," akasema huku akijifuta. Epifania naye alikuwa anajifuta, akamwambia anyamaze, lakini safari hii polepole. Dorcas alikuwa amekwisha kulala, kichwa kwa mama, miguu kwa baba.

Wasichojua ni kwamba nyuma yao alikaa Bi Hanne. Haelewi neno, lakini ameona yote. Taa zilipowashwa akawashika mikono, akawapandisha mbele, akasema maneno mengi kwa lugha yake huku miwani ikimcheza kifuani. Rodrigue akatafsiri.

"Mama anasema hivi: ametembea mu inchi mingi, lakini hajaona famille kama hii. Banagombana muzuri sana. Alors, tangu leo hawa ndiyo Familia ya Tamasha. Banapata blanketi, na kesho kutwa banaenda na siye Kasulu, mu gari, kuwaonyesha bantu wa kule."

Watu wa Kibondo, waliomjua Leonidasi na waliomjua Epifania, walitazamana. Waliona kumsahihisha mgeni si adabu. Tena walikuwa wanataka kuona mwisho wake.

Nje Epifania akasema, "Tutamwambia ukweli."

"Tutamwambia," akasema Leonidasi. "Ila nasikia Kasulu kuna filamu ambazo hapa hawakuleta."

Epifania akatazama pembeni. Gari la bure mpaka Kasulu, ambako mawese ya Kigoma hufika mapema, si jambo la kukataa. "Basi tutamwambia tukirudi," akasema.

Mama Bazilio alipoombwa ruhusa hakuacha kuchambua maharage. "Nendeni naye," akasema. "Mkimchoka, vumilieni."

Kasulu walipokelewa kwa ngoma. Ukumbi ulijaa, Familia ya Tamasha ikawekwa jukwaani kwenye viti vitatu, na Bi Hanne akaomba wazazi waeleze walivyokutana.

"Kanisani," akasema Epifania.

"Kwenye pancha," akasema Leonidasi wakati huohuo.

"Pancha ilikuwa mlangoni mwa kanisa," akasema Dorcas, na watu wakapiga makofi.

"Na nani husema zaidi nyumbani?" mtu akauliza.

"Yeye," wakajibu wote wawili, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Makofi tena. Leonidasi alianza kuona kwamba kazi hii anaiweza. Hapo ndipo sauti ikatoka viti vya nyuma, ikiita mama kwa Kirundi.

"Mawe we! Leonidasi!"

Katika hamu yake ya sinema Leonidasi alikuwa amesahau jambo moja tu kuhusu Kasulu, nalo ni kwamba dada yake anaishi huko.

Mpawenimana alikuja akipita juu ya watu. "Umeoa lini nami nipo hai? Nani alikaa kwenye kiti changu? Nani alipokea mahari kwa niaba yetu?" Akafika jukwaani, akamsukuma ndugu yake pembeni, akamkumbatia Epifania asimwachie. "Wifi yangu! Miaka yote namwombea huyu mjinga mwanamke, kumbe amemficha! Na mrefu hivi! Amekuficha wapi?" Kisha akamwona Dorcas, akapiga kelele upya. "Pua ya baba! Pua ya marehemu baba yetu, ileile, hata inavyotazama juu!"

Dorcas akainua pua iwe juu zaidi.

Bi Hanne akamuuliza Rodrigue mama huyu anasema nini. Rodrigue akakuna kichwa, akamjibu kwa maneno machache, na Bi Hanne akampa Mpawenimana mkono kwa heshima kubwa. Baadaye Rodrigue alieleza kwamba alimwambia Bi Hanne mama huyu ni mpenzi wa sinema.

Hawakupona. Jioni ile walikuwa nyumbani kwa dada, majirani wamejaa, vigelegele vinapanda na kushuka. Shemeji, mzee Nsabimana, mtu asiyesema sana, aliuliza swali moja tu. "Jogoo achinjwe?" Kabla Leonidasi hajapata la kusema jogoo alikuwa chunguni.

Chakula kikaja, ugali wa muhogo na jogoo aliyepikwa kwa mawese. Epifania akakata tonge, akalitazama, akalirudisha.

"Wifi," akasema, "mimi si wifi."

Akaeleza yote: Athuman, sharti, karanga, mbwa. Leonidasi hakuinua kichwa. Majirani waliacha kutafuna. Mpawenimana alimgeukia Dorcas.

"Na wewe?"

"Mimi ni wa Mama Bazilio," akasema Dorcas. "Lakini pua ni yangu mwenyewe."

Mpawenimana akatazama chungu, akaitazama mifupa, akawatazama majirani aliowaita mwenyewe kwa mdomo wake.

"Uongo huu," akasema taratibu, "umekwisha kula jogoo wangu. Hauwezi kurudi Kibondo ukiwa bado uongo."

"Mimi sijaulizwa," akasema Epifania.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja kitu kilichosahauliwa sokoni. Watu wote wakamgeukia Leonidasi, aliyekuwa na paja la jogoo mdomoni. Macho yake yakakimbia huku na huko, yakatua kwenye baiskeli ya shemeji iliyoegemea ukutani, breki moja imelegea. Akaanza kuinuka.

"Nsabimana!" Mpawenimana akapiga kelele. "Toa hiyo baiskeli humu ndani!"

Ikatolewa. Hakikubaki chochote cha kushika.

"Epifania," akaanza.

"Meza kwanza. Mwanamke haposwi na mtu mwenye paja mdomoni."

Akameza, akakabwa, akapigwa mgongoni na Dorcas, akaanza upya. "Epifania, mimi nilikuwa sina shauri ninalotafuta. Lakini njiani kuja huku nilikuwa najiuliza. Tukirudi Kibondo, nikaona kitu cha ajabu, kama yule babu na kiti chake, nitagombana na nani?"

Epifania akalichukua tena lile tonge, akalitafuna kwa muda ambao Leonidasi alisema baadaye ulitosha kuziba tairi mbili.

"Babu alipenda kiti," akasema.

"Hakupenda."

"Alipenda!"

"Basi, alipenda," akasema Leonidasi, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubali tangu avuke mpaka. Vigelegele vikazidi vya mwanzo, na Nsabimana akauliza kama kuna haja ya jogoo wa pili.

Kesho yake jukwaani Leonidasi aliomba kipaza sauti. "Jana hatukuwa familia," akawaambia watu wa Kasulu. "Tulikuwa tumeazimana ili tuone sinema. Leo tumekaribia. Mtoto tutamrudisha kwa mwenyewe, na blanketi ni lake." Ukumbi ulicheka, mtu mmoja akapiga mluzi. Rodrigue akamgeukia Bi Hanne na, kwa mara ya kwanza katika safari ile, akatafsiri neno kwa neno, kwa sababu hakuona pa kuongeza. Bi Hanne akavua miwani, akalia, akacheka, akawashika mikono.

"Asante sana," akasema. "Pole pole."

Wote wakaona kwamba safari hii maneno yamefika mahali pake.

Ndoa ilifungwa Kibondo baada ya Pasaka, wakati mvua zimeshika. Mpawenimana alikuja siku nyingi kabla, akakalia kila kiti alichodai kuwa chake. Dorcas alitangulia mbele ya maharusi akiwa amejifunga blanketi kama mshipi, akigawa amri kwa watoto wenzake. Padri alifungisha haraka maana bati la kanisa lilinguruma hata viapo havisikiki. Epifania ilimbidi aseme "ndiyo" kwa sauti ile ya Gwarama, na wasimamizi wakaziba masikio.

Walipotoka, barabara ilikuwa imegeuka tope tupu, na mbele ya mlango palikuwa na dimbwi. Bwana harusi alisimama ukingoni. Viatu vilikuwa vya kuazima, vimepakwa rangi vikang'aa, na mwenye viatu alikuwepo miongoni mwa wageni, anavitazama. Leonidasi akainua mguu mmoja, akaurudisha. Kwaya ikarudia ubeti. Epifania alingoja, akachoka kungoja, akakusanya gauni lake mkono mmoja, kwa mkono mwingine akambeba mumewe kiunoni kama dumu la mawese, akavuka naye dimbwi huku kwaya ikisahau wimbo. Upande wa pili akamweka chini, akamnyoosha kola, wakaendelea kwenda nyumbani.